Aaron Ramsey: ni mguu wa Stoke uliomharibia au kuna kingine?

dogo_wa_katikati

Wakuu salama? Wakubwa shikamooni. Nina swali kuhusu kiungo Aaron Ramsey wa Wales na naomba majibu ya mpira, sio ya ushabiki.

Mimi mpira wa Ulaya nimeanza kuufuatilia kwa umakini kipindi jamaa yupo Juventus, kwa hiyo Ramsey ninayemjua ni yule wa kukaa benchi au jukwaani huku anakula mshahara wa kufuru (magazeti ya Uingereza yaliandika pauni 400,000 kwa wiki), alafu nikamuona tena kwenye fainali ya Europa 2022 anaingizwa na Rangers dakika za mwisho kabisa za nyongeza, ikaja penalti, wenzake wote wakafunga akakosa yeye tu. Sasa kila nikisema huyu alikuwa mchezaji wa kawaida wakubwa wa Arsenal wananishukia kama mwewe. Wanasema angefika levo za Gerrard na Lampard kama sio Shawcross, beki wa Stoke City, kumvunja mguu pale Stoke.

Kinachonichanganya ni hiki, mguu umevunjika Februari 2010, lakini mabao yote anayosifiwa ni ya baada ya hapo. Sasa mguu ulimmalizaje mtu ambaye alikuwa hajaanza hata kung'aa? Na kwa nini akivaa jezi ya Wales alikuwa anaonekana mtu mwingine kabisa?

Mzee wa Highbury

Marahaba dogo. Swali lako zuri na kiukweli umeshalijibu nusu mwenyewe, sema wengi hatupendi kulisikia hilo jibu.

Ngoja nianze mbali kidogo. Huyu ni mtoto wa Caerphilly, mji mdogo kaskazini ya Cardiff, kazaliwa Desemba 26, 1990, na utotoni alikuwa anacheza raga vizuri tu mpaka klabu ya St Helens ikamtaka. Cardiff City wakawa wameshamnasa, na Aprili 2007 wakamuingiza kwenye mechi ya Hull akiwa na miaka 16, akavunja rekodi ya John Toshack ya mchezaji mdogo kuliko wote kuichezea klabu. Mwaka uliofuata Cardiff ikafika fainali ya FA na Portsmouth, wakapigwa 1-0 bao la Kanu, dogo akaingia kama sabu. Hapo kila mtu akawa anamtaka. Man United walikuwa na uhakika wa kumpata kiasi kwamba tovuti yao ilishatangaza wamekubaliana na Cardiff. Wenger, kocha wa Arsenal, yeye wakati huo yupo Uswisi kwenye Euro 2008, akawatumia ndege Ramsey na wazazi wake wakamfuata huko huko, wakakaa wakaongea mpira. Akasaini Arsenal kwa karibu pauni milioni 5. Yaani Ferguson, kocha wa Man United, alizidiwa ujanja kwa safari moja ya ndege.

Ule msimu wa 2009/10 ndio alikuwa anaanza kuiva, ana miaka 19. Wanaposema Stoke ilimmaliza wanachomaanisha ni kwamba hatukuona kile alichokuwa anakuja nacho MSIMU ULE, maana alikuwa kiungo wa pasi zaidi, mtulivu, anageuka na mpira vizuri. Britannia, uwanja wa Stoke, siku ile Shawcross kamfikia kachelewa, mguu wa kulia ukavunjika mifupa yote miwili chini ya goti, wachezaji wakageuza nyuso kwa namna ulivyokuwa unaonekana, Shawcross kapewa kadi nyekundu akatoka analia. Arsenal wakashinda 3-1 ila hakuna aliyeshangilia matokeo. Jioni ile ile Shawcross akatajwa kikosi cha England cha Capello, hilo nalo liliwauma sana mashabiki. Na cha ajabu miaka iliyofuata Ramsey akienda Stoke anazomewa YEYE. Mpaka leo sijawaelewa wale watu.

Sasa kurudi kwenye swali. Aliyerudi ni mchezaji wa aina nyingine. Alikuja na mapafu na mbio za kuchelewa ndani ya boksi, na huyo wa pili ndiye tunayemlilia, sio yule wa kwanza.

binti_wa_bunduki

Mzee umenena lakini umeruka kipindi kigumu kuliko vyote, naomba niongezee.

Watu wanasahau kwamba akirudi hakupokelewa kwa mikono miwili. Alipelekwa mkopo Nottingham Forest mwishoni mwa 2010, kisha Cardiff, ndipo akarudi. Mei 1, 2011 akatufungia bao pekee dhidi ya Man United Emirates, tukadhani mambo yameisha. Wapi! Msimu wa 2011/12 na nusu ya uliofuata alikuwa anatukanwa na mashabiki wetu wenyewe, pasi zinapotea, anachelewa kuachia mpira, Wenger anambandika winga ya kulia mara fulubeki. Mitandaoni kila wiki ni "auzwe auzwe". Na katikati ya hayo kocha wake wa Wales Gary Speed, yule aliyemwamini akampa unahodha wa taifa akiwa na miaka 20, akafariki ghafla Novemba 2011. Dogo wa miaka 20 kabeba vyote hivyo, mguu, matusi, msiba.

Ndio maana 2013/14 ilikuwa tamu vile. Alianza msimu ule anafunga kila mechi jamani, mpaka unajiuliza ni nani huyu. Jumla alimaliza na mabao 16, na hapo kakosa miezi zaidi ya 3 kwa sababu aliumia paja siku ya birthday yake, Desemba 26, mechi ya West Ham. Mwaka mpya wa 2014 tulikuwa tunaongoza ligi, tukamaliza wa 4. Mimi siku zote nasema ubingwa ule ulipotelea kwenye paja la Ramsey, kabisa nasimamia hapo, Özil alikuwa anapiga pasi na hakuna mtu anayekimbia kuzifuata.

Akarudi Aprili, na Mei 17 Wembley ndio ile fainali ya FA. Hull wametupiga mbili ndani ya dakika 10 za kwanza, Cazorla kafunga ile faulo, Koscielny kasawazisha kipindi cha pili, dakika 30 za nyongeza, dakika ya 109 Sanogo kauleta mpira ndani, Giroud kausogeza kwa kisigino bila hata kuangalia, maana alijua kuna mtu anakuja. Na kweli mtu alikuwa anakuja, Ramsey kapiga bila kuutuliza, mguu wa kulia, nje ya kiatu, nguzo ya karibu. Miaka 9 bila kombe ikaishia pale. Ukitaka kujua kwa nini wakubwa zako wanakushukia, ni hilo bao.

Kisigino

Tusisahau na lile balaa lake la kufunga kisha mtu maarufu anafariki hahahaha. Kafunga dhidi ya Man United Mei 1, 2011, Osama kauawa siku ya pili. Kafunga na Spurs Oktoba 2, siku 3 mbele Steve Jobs. Kafunga Marseille Oktoba 19, kesho yake Gaddafi. Kafunga Sunderland Februari 2012, siku hiyo hiyo Whitney Houston. Kuna watu walikuwa wanaomba asifunge kabisa.

Mzee wa Highbury

Kisigino hilo ni la kuchekea tu, mtu akifunga mabao 60 na zaidi Arsenal lazima kila wiki utapata marehemu maarufu wa kumbandikia. Tuendelee na mpira.

tiba_ya_misuli

Mimi kazi yangu ni ya kunyoosha na kurudisha wachezaji waliojeruhiwa, so nijibu upande huo maana hapa watu wanachanganya vitu viwili.

Mfupa uliovunjika kwa kijana wa miaka 19 ukiwekwa vizuri unaunga, na unaunga imara. Ndani ya miezi 9 Ramsey alikuwa uwanjani Forest. Kwa hiyo dogo uko sahihi kuhoji hii habari ya mguu wa Stoke, ule mguu haukumrudia tena kama jeraha. Kilichomla ni misuli ya paja, hasa ya nyuma. Angalia orodha, Desemba 2013 paja, Agosti 2016 mechi ya kwanza ya msimu na Liverpool nyuma ya paja, Aprili 2019 Napoli nyuma ya paja tena na hiyo ndio ikawa mechi yake ya mwisho Arsenal, hata fainali ya Europa kule Baku na Chelsea hakucheza, tukala 4-1.

Msuli wa nyuma ya paja unachanika mara nyingi mtu akiwa kwenye spidi kubwa, pale mguu unapotupwa mbele na msuli unavutika huku unajaribu kuubania usizidi kwenda. Sasa chukua kiungo ambaye mchezo wake WOTE ni kutoka kwenye boksi lake kwenda boksi la adui kwa mbio za mita 50, 60, mara kadhaa kwa mechi, kisha arudi. Huyo anaweka ule msuli kwenye hatari kuliko Xhaka anayecheza mita 20 za katikati. Na ukishachanika mara moja uwezekano wa kuchanika tena unapanda sana, hilo ni jambo linalojulikana kwenye fani yetu. Sababu ya kuchanika kwanza ndiyo inayokuachia deni la pili na la tatu.

Kwa hiyo kwa maoni yangu kilichomfanya awe Ramsey ndicho kilichokuwa kinamlaza. Huwezi kumwambia "punguza mbio", ukimpunguzia mbio unabaki na kiungo wa kawaida.

dogo_wa_katikati

Daah hapa nimeelewa vizuri. Ila sasa Wales mbona hakuwa analazwa lazwa? Na Wenger kwa nini alikuwa anamuweka winga kama kipaji chake ni mbio za katikati?

Joka Jekundu

Wales niachieni mimi, ndio timu yangu ya pili tangu 2016.

Kwanza kulazwa alilazwa hata Wales, amekosa mechi kibao za kufuzu, tofauti ni kwamba mashindano makubwa yanachezwa mwezi mmoja, akiwa mzima mwezi huo unamuona yule yule. Pili ni mfumo. Kocha Chris Coleman alicheza mabeki watatu nyuma, Joe Allen na Ledley wanakaba, mbele yao Ramsey na Bale wako huru. Yaani Ramsey alikuwa hana mzigo wa kurudi kumlinda mtu. Arsenal wakati ule ule, 2015, Coquelin na Cazorla wako katikati, namba 10 ni Özil, nafasi iliyobaki ni kulia, basi akapelekwa kulia. Wenger hakuwa mjinga, alikuwa na viungo wengi na mtu mmoja anayeweza kukimbia kila mahali, akamtumia kila mahali.

Euro 2016 pale Ufaransa alikuwa na nywele za blichi kama msanii. Slovakia, pasi yake Robson-Kanu kafunga. Russia, Allen kampenyezea mpira dakika ya 11, kipa Akinfeev anatoka, Ramsey kaudokoa juu yake taratibu, kisha akampa Bale bao la 3. Halafu robo fainali Lille na Ubelgiji ya Hazard, De Bruyne na Lukaku, Nainggolan kashatupiga kombora mapema tukajua ndio basi. Kona ya Ramsey, kichwa cha Ashley Williams, 1-1. Krosi ya Ramsey, Robson-Kanu kawageuza watu watatu wakaenda kutafuta mpira upande ambao haupo, 2-1. Vokes kamalizia 3-1. Nchi ya watu milioni 3 ipo nusu fainali ya Ulaya.

Na hapo hapo ndio pana kidonda. Dakika ya 75 hivi ya mechi ile kashika mpira kwa mkono, kitu ambacho hakikuwa na ulazima wowote, njano ya pili ya mashindano, nusu fainali nje. Ben Davies naye hivyo hivyo. Tukaenda Lyon na Ureno bila injini, Andy King kaingia badala yake, mtu mzuri ila sio Ramsey, Ronaldo kapiga kichwa kapaa kama yuko kwenye ngazi, dakika 3 baadaye Nani, kwisha habari. Ureno ile haikuwa ya kutisha, ilikuwa imetoka sare mechi zote 3 za makundi. Mimi hata leo hiyo kadi inaniuma kuliko mguu wa Stoke. UEFA wenyewe walimuweka kwenye kikosi bora cha mashindano bila kucheza nusu fainali, pasi za mabao 4.

Alafu Novemba 2019 Wales inahitaji kushinda na Hungary nyumbani ili iende Euro, jamaa katoka majeruhi kaanza mechi kafunga yote 2. Na Euro yenyewe ikachezwa 2021, kawafunga Uturuki pale Baku kwa pasi ya Bale, uwanja ule ule ambao Arsenal walicheza fainali yeye akiwa majeruhi. Jezi ya Wales ilikuwa inampa kitu sijui nini.

Kibopa wa Turin

Naona Juventus mnaipitisha tu kama ajali. Sio kwamba hakufanya kitu. Alikuja bure 2019 baada ya Arsenal kuondoa mezani mkataba waliokuwa wanajadiliana naye, hiyo yote ni Arsenal waliokosea, kiungo wa levo ile anaondoka bila hata senti moja! Turin kapata ubingwa wa Serie A 2020 na Coppa Italia 2021. Alifunga Inter Machi 2020 uwanja mtupu kwa sababu ya corona, mechi ambayo ilikuwa ya kuamua ligi. Wengi mnakumbuka tu lile la Moscow alipomalizia faulo ya Ronaldo kwenye mstari wakati mpira ulikuwa unaingia wenyewe hahaha, uso wa Ronaldo siku ile.

Ila ni kweli haikwenda. Sarri, Pirlo, Allegri, makocha watatu ndani ya misimu mitatu na kila mmoja ana kiungo wake, na Serie A hawakuachii nafasi kubwa ya kukimbilia, timu zinakaa nyuma. Mbio za mita 60 zinaenda wapi kama adui watu 10 wako kwenye boksi lao? Na mwili ulikuwa umeshachoka. 2022 wakavunja mkataba, akaenda Nice.

binti_wa_bunduki

Kibopa umesema ukweli kuhusu ule mkataba. Mimi siku ya kuaga, ile mechi ya Brighton Mei 2019, jamaa hawezi hata kucheza, kasimama na nguo za kawaida analia uwanja mzima unaimba jina lake. Miaka 11 ile. Kombe la FA mara 3, na mbili kati ya hizo bao la ushindi ni lake. 2017 na Chelsea mabingwa wa ligi, Moses kapigwa nyekundu, Costa kasawazisha dakika ya 76 tukashika vichwa, Giroud ndio kwanza kaingia, mpira wake wa kwanza kabisa kapiga krosi kutoka kushoto na nani yuko kwenye boksi katikati ya mabeki? Kichwa, 2-1, dakika ya 79. Ni bao lile lile la 2014 ukiangalia vizuri, Giroud anatoa na Ramsey anafika akiwa hajulikani katokea wapi.

Mzee wa Highbury

Na siku hiyo alicheza kati na Xhaka, nyuma mabeki watatu. Wenger aligundua mfumo wa Coleman mwaka mmoja baadaye!

Dogo kuhusu ile penalti ya Rangers, na hapa nakubishia kidogo. Kocha Van Bronckhorst alimuingiza makusudi dakika ya 118 hivi ili apige, alikuwa wa 4, kipa Trapp kamzuia kwa mguu. Mtu hajagusa mpira, hajapata joto, kaingia anaenda kupiga penalti ya fainali ya Ulaya. Lawama ni ya kocha kwanza. Bado naona kitendo cha kukubali kupiga kilikuwa cha kiume, wengine wanajificha wanafunga kamba za viatu.

dogo_wa_katikati

Sawa mzee hapo nimekuelewa ingawa mshahara wa Juve bado unaniuma kwa niaba ya Juve.

Alimalizia wapi lakini? Mara ya mwisho nilisikia kawa kocha.

Joka Jekundu

Baada ya Nice na Kombe la Dunia la Qatar (la kwanza kwa Wales tangu 1958, tukatoka makundi, kila mtu alikuwa ameshazeeka ukweli usemwe) Bale akastaafu Januari 2023, Ramsey akapewa unahodha tena. Kiangazi hicho akarudi Cardiff nyumbani. Majeraha yakaendelea, goti safari hii. Aprili 2025 timu inazama, kocha Omer Riza kafukuzwa zikiwa zimebaki mechi 3, wakampa Ramsey ukocha wa muda. Hakuna cha ajabu kilichotokea, wakashuka daraja mpaka la tatu. Alafu akaenda Mexico, klabu ya Pumas, miezi michache tu akaondoka.

Kisigino

Kwa hiyo kwa ambaye hakumuona akiwa mzima, aangalie mechi gani moja? Msianze kunitajia kumi.

tiba_ya_misuli

Wales na Ubelgiji 2016, dakika zote 90 sio vipande. Usifuate mpira, mfuate yeye. Utaona mara ngapi anakimbia na hapewi, anarudi, anakimbia tena.

binti_wa_bunduki

Fainali ya 2014, kuanzia dakika ya 60 mpaka mwisho. Watu wameishiwa pumzi wanatembea, angalia nani bado anaingia kwenye boksi.

dogo_wa_katikati

Naanza na ya Ubelgiji leo usiku. Mwenye link ya mechi nzima anitumie inbox.